Mahindi ya Kinyungu Yanapogeuka Manjano: Baridi, Mwanga na Utengenezaji wa Klorofili

Kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, wakulima wa Njombe na Iringa wanaolima vinyungu, yaani yale mashamba ya mabondeni yanayotegemea unyevu uliobaki ardhini baada ya mvua kukatika, hukutana na jambo linalowatia wasiwasi. Mahindi yaliyoota vizuri huanza kupauka. Majani machanga hutoka yakiwa na manjano hafifu badala ya kijani, na baadhi ya miche huonyesha michirizi myeupe iliyokata jani kwa upana kama iliyopigwa kwa rula. Ushauri wa kwanza ambao mkulima hupewa, iwe katika duka la pembejeo au kwa jirani, huwa ni uleule: mahindi yana njaa, ongeza urea, ile mbolea ya naitrojeni. Naandika makala hii kwa sababu naamini kwamba kwa mahindi ya msimu huo, katika mabonde hayo, ushauri huo mara nyingi unakosea chanzo cha tatizo, na mkulima hulipia fedha ambazo zingesubiri.

Ili kueleza kwa nini nasema hivyo, inabidi tuanze na rangi yenyewe. Klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, ilipewa jina hilo na wanakemia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, walioitenga kutoka kwenye majani mwaka 1817. Muundo wake ulichukua karibu karne moja zaidi kuanza kueleweka, na Richard Willstätter wa Ujerumani alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1915 kwa kazi yake juu ya rangi za mimea, klorofili ikiwa ndiyo kubwa zaidi. Leo tunajua kwamba kila molekuli ya klorofili ni pete kubwa iliyojengwa kuzunguka atomu moja ya magnesi, nayo magnesi hiyo imeshikwa na atomu nne za naitrojeni, kisha pete nzima ina mkia mrefu unaoishikiza katika utando wa ndani wa kloroplasti, yaani chembe za ndani ya seli ambamo jani hutumia mwanga kutengeneza chakula. Pete hiyo ni ndugu wa karibu wa ile iliyomo katika damu yetu, ambayo mahali pa magnesi huwa na chuma. Kwa kuwa klorofili hufyonza zaidi mwanga wa buluu na mwekundu na kuuacha ule wa kijani, macho yetu huliona jani kuwa la kijani.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya hoja ya urea. Naitrojeni imo ndani ya klorofili, na imo kwa wingi zaidi katika protini zinazoishikilia, hivyo mmea uliokosa naitrojeni hauwezi kuwa na kijani kilichokolea. Hilo ni kweli na silipingi. Tatizo ni kuligeuza na kudai kwamba kila mmea uliopauka umekosa naitrojeni. Klorofili hujengwa kwa hatua nyingi zinazofuatana, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoharakisha badiliko la kikemia, nacho huhitaji kiwango fulani cha joto ili kifanye kazi. Ukimrundikia mjenzi matofali uwanjani ilhali mafundi hawajafika, nyumba haitasimama kwa sababu ya wingi wa matofali.

Safari ya ujenzi huanza na glutamati, asidi amino ya kawaida kabisa. Mmea huibadilisha kuwa molekuli ndogo iitwayo asidi ya aminolevulini, na molekuli nane za aina hiyo huunganishwa hatua kwa hatua hadi zikawa pete moja. Pete hiyo hupokea magnesi, hufanyiwa marekebisho kadhaa, na kufikia hali inayoitwa protoklorofilidi, ambayo ni klorofili iliyobakiza hatua chache tu ikamilike. Hatua inayofuata ndiyo ya ajabu kuliko zote, kwa maana katika mimea inayotoa maua, kimeng'enya kinachoikamilisha hakiwezi kufanya kazi gizani. Kinahitaji mwanga wenyewe uiguse protoklorofilidi. Ndiyo sababu viazi vilivyosahaulika ghalani huchipua machipukizi marefu, meupe na dhaifu, na maharage yaliyooteshwa chini ya ndoo huwa na shina jeupe na majani ya manjano. Miche ya misonobari, ambayo imepandwa kwa wingi Mufindi na Njombe, haifungwi na sharti hilo, kwa kuwa ina kimeng'enya kingine kinachoifanya hatua ileile bila mwanga. Mbegu ya msonobari ikiota gizani hutoa majani yenye kijani.

Nikitaja viazi, niongeze kwamba kile kijani kinachotokea kwenye viazi mviringo vilivyoachwa juani au chini ya taa dukani ni klorofili halisi. Mwanga huzifanya chembe za kuhifadhi wanga zilizo chini ya ganda zigeuke kuwa kloroplasti. Klorofili hiyo haidhuru, lakini mwanga huohuo huchochea pia utengenezaji wa solanini, ambayo ni sumu na ina uchungu, kwa hiyo kijani hapo ni ishara ya kuaminika kwamba sehemu hiyo haifai kuliwa.

Swali linalofuata lina uzito katika hoja yangu: kwa nini mmea usijirundikie vijenzi vya klorofili usiku kucha ili asubuhi ukamilishe kazi kwa mkupuo? Jibu ni kwamba vijenzi hivyo ni vya hatari. Protoklorofilidi iliyo huru, ikipigwa na mwanga mkali kabla haijashikwa na kimeng'enya chake, huikabidhi oksijeni iliyo karibu nguvu iliyoifyonza, na oksijeni hiyo huwa kali kiasi cha kuchoma utando na protini za seli. Kwa sababu hiyo mmea una protini maalumu zinazofunga mlango wa mwanzo kabisa wa safari, ule wa kutengeneza asidi ya aminolevulini, pindi protoklorofilidi inapoanza kurundikana gizani. Watafiti wamepata mimea yenye hitilafu katika protini mojawapo ya hizo, na mimea hiyo ikiwekwa gizani kisha ikarudishwa kwenye mwanga, hufa. Kwa hiyo mwanga ni mshirika wa lazima katika kutengeneza klorofili, na wakati huohuo ni tishio kwa mmea ambao mambo yake ya ndani hayakwenda sawasawa. Baridi ndiyo inayoyavuruga mambo hayo ya ndani.

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru mjini New Delhi, Tewari na Tripathy, walichapisha kazi ambayo kwangu ni mojawapo ya zilizo wazi zaidi juu ya suala hili. Walichukua miche ya matango iliyooteshwa gizani, wakaihamishia kwenye mwanga katika viwango tofauti vya joto, kisha wakapima ni kiasi gani cha klorofili kilichotengenezwa. Katika nyuzi joto 7, utengenezaji ulipungua kwa asilimia 90 hivi ukilinganisha na miche iliyokuwa katika joto la kawaida. Katika nyuzi joto 42 ulipungua kwa asilimia 60 hivi. Pande zote mbili, baridi na joto kali, zilidhoofisha ule mlango wa kwanza wa kutengeneza asidi ya aminolevulini. Maana yake ni kwamba mmea wa asili ya joto ukipigwa na baridi hukosa kijani kwa sababu hata ujenzi wenyewe haujaanza vizuri, wala si kwa sababu ya upungufu wa malighafi.

Mahindi ni mmea wa aina hiyo. Asili yake ni Meksiko, na mashine yake ya usanisinuru, yaani ya kutengeneza chakula kwa mwanga, imeundwa kwa ajili ya joto. Hufanya kazi vizuri zaidi kati ya nyuzi 25 na 30 au zaidi kidogo. Jani la mhindi linalokua katika joto lililo chini ya nyuzi 15 hutoka likiwa na klorofili chache na uwezo mdogo wa kutengeneza chakula, na kimoja cha vimeng'enya vyake muhimu vya kunasa hewa ya ukaa hulegea joto likishuka chini ya nyuzi 12 hivi. Ngano, shayiri, njegere, kabichi na viazi mviringo havipatwi na balaa hilo kwa kiwango hicho, na hiyo ndiyo sababu ukipita Makete mwezi Julai utakuta bustani ya kabichi imekolea kijani kando ya mahindi yaliyopauka, udongo ukiwa uleule na mkono wa mkulima ukiwa uleule. Mimi huwaomba watu waitazame kabichi kabla ya kununua mbolea.

Baridi ya usiku peke yake, hata hivyo, haielezi ukali wote wa jambo hili. Siku za kipupwe katika nyanda za juu mara nyingi huwa na anga safi, na katika mwinuko wa mita 2,000 hivi, ambao ndio wa Njombe mjini, jua la asubuhi ni kali hata pale hewa inapokuwa bado baridi. Jani linafyonza mwanga wote huo bila kujali joto, kwa sababu ufyonzaji wa mwanga hausubiri kimeng'enya chochote. Kazi ya kutumia nguvu hiyo kutengeneza sukari, kwa upande mwingine, ni ya vimeng'enya, na vimeng'enya bado vimezubaa kwa baridi. Nguvu iliyofyonzwa inakosa pa kwenda. Sehemu yake humwagwa kama joto, kazi inayosaidiwa na rangi za manjano za jamii ya karotenoidi, ambazo mmea huziongeza wakati wa dhiki na ambazo kwa hakika huongeza ule umanjano tunaouona. Sehemu inayobaki huzalisha oksijeni kali ileile niliyoitaja, nayo huiharibu klorofili iliyokwisha kutengenezwa na protini zinazoizunguka. Hivyo mmea unapoteza mara mbili: baridi huuzuia kujenga, na jua la asubuhi huubomolea kile kidogo ulichonacho. Mche huohuo, katika baridi ileile, ukiwa chini ya kivuli saa za asubuhi, hauumii sana hivyo.

Ile michirizi myeupe inayokata jani kwa upana ni kumbukumbu ya usiku mmoja mmoja. Jani la mhindi hukua kutoka chini, na ncha yake ndiyo kongwe kuliko sehemu nyingine. Katika mche mdogo, sehemu changa inayokua imefichwa ndani ya majani yaliyokunjana, karibu kabisa na uso wa udongo, mahali ambapo joto hupanda sana mchana na kushuka sana usiku. Tishu iliyokuwa ikijengwa usiku wa baridi kali hukosa klorofili, kisha husukumwa juu jani linaporefuka, na siku chache baadaye hujitokeza kama ukanda mweupe uliopakana na kijani juu na chini. Upungufu wa mbolea hauwezi kuchora ukanda wa namna hiyo. Mkulima anayeona kanda hizo ana ushahidi mkononi mwake.

Mabonde yana shida ya ziada ambayo wazee wa huku wanaijua vizuri. Usiku wa anga wazi ardhi hupoteza joto haraka, hewa iliyo juu yake hupoa, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutiririka kuelekea chini na kutuama bondeni. Ndiyo maana jalidi, yaani barafu nyembamba ya usiku wa baridi kali, huanza kuonekana chini, kwenye vinyungu, wakati mashamba ya mteremkoni hayajaguswa. Kinyungu kina maji na udongo mzuri, lakini kina pia usiku wa baridi kuliko eneo lote linalokizunguka, na manjano huonekana kwanza katika sehemu zake zilizodidimia. Ukisimama ukingoni na ukaona umanjano umefuata umbo la bonde, chukulia baridi kuwa mshukiwa wa kwanza. Maji yaliyotuama huweza kuchora umbo hilohilo, kwa hiyo chimba kidogo uone kama mizizi imezama kwenye tope. Mizizi isiyopata hewa hupausha majani vilevile.

Namna ya kutofautisha na njaa ya naitrojeni ni kutazama jani gani limeanza. Naitrojeni huhama ndani ya mmea. Ikipungua, mmea huiondoa katika majani ya chini yaliyozeeka na kuipeleka juu kwa machanga, hivyo manjano huanzia chini, tena kwa umbo la herufi V linaloanzia nchani na kufuata mshipa wa kati. Magnesi nayo huanzia majani ya chini, lakini kwa manjano yaliyo kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Baridi hufanya kinyume, kwa kuwa huathiri jani linalojengwa sasa, yaani lile la juu. Upungufu wa salfa na chuma pia huonekana juu, na hapo ndipo uamuzi unakuwa mgumu. Kinachosaidia ni muda, maana upungufu wa virutubisho hauponi kwa siku tatu nne za joto, ilhali majani yanayotoka baada ya siku kama hizo huwa ya kijani cha kawaida ikiwa tatizo lilikuwa baridi. Rangi ya zambarau kwenye miche ni habari nyingine. Hutokana na anthosianini, na mara nyingi huashiria kwamba mizizi iliyo katika udongo wa baridi imeshindwa kufyonza fosforasi hata kama imo.

Kwa wasomaji wa pwani, baridi kama hii ni habari ya mbali, lakini ukosefu wake nao unaonekana huko. Machungwa ya Muheza huiva na kuwa matamu huku ganda likibaki la kijani, kwa sababu ganda la chungwa huvunja klorofili yake vizuri linapopata usiku wa baridi ya wastani, na Tanga haina usiku wa namna hiyo. Wanunuzi waliozoea machungwa ya nchi zenye majira ya baridi huyaona ya Muheza kuwa mabichi, na huo ni uonevu kwa mkulima ambaye hana kosa lolote.

Joto kali nalo lina njia zake. Katika kitalu nyumba cha nailoni kisichofunguliwa mchana, hewa hupita nyuzi 40 kwa urahisi, na miche ya nyanya au pilipili hoho hutoa majani yaliyofifia. Ujenzi hupungua kama matango ya New Delhi yalivyoonyesha, na sehemu ya mashine ya usanisinuru inayopasua maji kutoa oksijeni huanza kuharibika. Tiba yake si ngumu: fungua pande mapema kabla jua halijapanda, na tandika neti ya kivuli saa za mchana.

Kivuli chenyewe kinahitaji uangalifu, na hapa namfikiria hasa mwenye kitalu cha parachichi, zao ambalo limebadilisha maisha ya watu wengi Njombe. Mche uliolelewa kivulini una majani yenye kijani kilichokolea, kwa maana jani la kivulini huongeza klorofili ya kukusanya mwanga ili linase kila mwale unaopita. Mnunuzi huvutiwa na kijani hicho, na ana haki ya kuvutiwa, lakini jani hilo limejiandaa kwa mwanga mdogo. Akilihamishia siku moja kwenye jua kamili, tena katika mwezi wa baridi, linafyonza mwanga kupita uwezo wake wa kuutumia, nalo hupauka na pengine kuungua kingo. Miche inapaswa kuondolewa kivuli kwa awamu, wiki baada ya wiki, ili majani mapya yajengwe yakiwa na rangi za kujikinga za kutosha. Kitalu kinachouza miche moja kwa moja kutoka chini ya neti nzito humwachia mkulima kazi hiyo bila kumwambia. Miti mingine hujikinga yenyewe: majani machanga ya mwembe hutoka yakiwa na wekundu wa anthosianini, na kijani hufuata baadaye jani linapokomaa.

Kwa mahindi ya kinyungu, ninachopendekeza ni haya. Panda sehemu za chini kabisa za bonde mwisho, baridi inapoanza kulegea, na uziweke kabichi, njegere au viazi ikiwa huwezi kusubiri, ingawa viazi navyo huunguzwa na jalidi. Chagua mbegu zilizozalishwa kwa ajili ya nyanda za juu, kama UH6303 ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, badala ya mbegu za ukanda wa joto zinazouzwa kwa bei nafuu. Mwagilia mchana ikiwa unatarajia usiku wa jalidi, kwa kuwa udongo wenye unyevu huhifadhi joto zaidi na kulitoa polepole usiku. Usiweke matandazo mazito ya nyasi kuzunguka miche katika wiki hizo. Najua tunayasifu matandazo, na kwa sababu nzuri, lakini huzuia jua lisipashe udongo mchana, na hewa iliyo juu yake huwa baridi zaidi usiku. Na mbolea ya kukuzia ingoje hadi majani mawili mapya yatoke baada ya joto kurejea, ndipo uamue kwa kuyatazama hayo.

Wataalamu wanaotumia kipima klorofili cha kubana jani, kama SPAD, nao wachukue tahadhari hiyohiyo. Chombo hicho hupitisha mwanga wa nanomita 650 na 940 katika jani na kutoa namba inayolingana na klorofili iliyopo. Hakipimi naitrojeni, naitrojeni tunaikisia kutokana na klorofili, na makisio hayo ni halali pale tu joto halikuzuia klorofili kujengwa. Namba ndogo iliyopatikana bondeni wiki ya baridi isiandikwe kuwa ni upungufu wa naitrojeni. Pima jani la aina ileile mteremkoni na bondeni siku hiyohiyo, rudia baada ya wiki yenye joto, na kama namba za bondeni zimepanda bila mbolea kuongezwa, urea ibaki ghalani hadi wakati wake wa kawaida.